Kadi nzima, nyimbo nzima, mbona redio haiimbi?

Mwenye redio ndogo ya kadi hapa Mombasa hahitaji kuelezwa tatizo lenyewe. Kadi inajaziwa nyimbo kwenye kibanda cha Mwembe Tayari, inajaribiwa papo hapo kwenye kompyuta ya fundi na inaimba vizuri, kisha inavuka feri hadi Likoni kutiwa kwenye redio ya nyumbani. Nyimbo tatu zinacheza, ya nne inarukwa, ya tano inaonyesha namba tu na kimya. Lawama huanzia kwa kadi, zikahamia kwa redio, zikaishia kwa fundi, naye huapa kwamba kazi yake aliifanya. Mara nyingi wote watatu hawana kosa.

Kompyuta na simu zimetuzoesha vibaya. Simu ya leo inaelewa karibu kila aina ya faili, na isipoelewa unaishushia programu nyingine ikaelewa. Redio ile, au kile kicheza muziki kidogo cha kutia mfukoni, ina chipu moja ya bei rahisi inayobeba kazi zote: kusoma kadi, kufasiri sauti, kuwasha taa, kushika FM. Chipu hiyo ilifundishwa mambo machache kiwandani, na kwa mtumiaji wa kawaida hakuna njia ya kuiongezea elimu. Wimbo unaweza kuwa mzima kabisa na bado chipu isiujue, ama kwa jinsi sauti ilivyoandikwa, ama kwa jinsi kadi ilivyopangwa. Mambo hayo mawili hayahusiani hata kidogo, na anayeyachanganya hutengeneza pasipoharibika.

Sauti imeandikwaje?

Sauti ikirekodiwa kidijitali hupimwa mara nyingi mno kwa sekunde. Kwenye CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo huandikwa kwa biti 16, na yote hayo mara mbili kwa sababu kuna upande wa kushoto na wa kulia. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, na kwa kuwa biti nane ni baiti moja, hiyo ni kama megabaiti 10 na nusu kwa dakika. Wimbo wa taarabu wa dakika 12, na taarabu haijawahi kuwa na haraka, unakula megabaiti 127. Rio PMP300, kimoja cha vicheza muziki vya mwanzo kabisa vya aina hii, kilitoka mwaka 1998 kikiwa na megabaiti 32 za hifadhi. Kingemeza dakika tatu za wimbo huo na kujaa.

Kilichookoa jahazi ni MP3. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walijenga kazi yao juu ya udhaifu wa sikio. Sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo. Dumbaki likipigwa kwa nguvu, mkwaruzo wa kidole kwenye uzi wa udi uliotokea wakati uleule hausikiki, basi hakuna haja ya kuuandika. MP3 hutupa yale ambayo sikio lisingeyapata, kisha hubana yaliyobaki. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde, ule wimbo wa dakika 12 unashuka hadi megabaiti 11 na nusu. Kiwango chenyewe kilichapishwa 1993, herufi .mp3 zikachaguliwa Julai 1995, na mpango wa kulipia leseni ukafungwa Aprili 2017. Ni teknolojia kongwe, nyepesi, isiyo na ada tena. Ndiyo maana ukitaka usalama, MP3 ndiyo jibu, hata kama wajuzi watakucheka.

Nao wana sababu ya kucheka, maana zilizokuja baadaye ni bora. AAC ya mwaka 1997, inayokaa kwenye faili za .m4a, hutoa sauti safi zaidi kwa ukubwa uleule. Opus, iliyosanifishwa 2012, ni hodari zaidi tena, hasa kwa maneno ya kusemwa. FLAC ya mwaka 2001 haitupi chochote. Hubana tu, na faili yake mara nyingi huwa kama nusu ya ile ya CD. Kuna pia WMA ya Microsoft, ambayo Windows Media Player ya zamani iliitumia bila kuuliza kila ulipoingiza CD kwenye kompyuta. iTunes ya Apple nayo, kwa desturi yake, ilikutolea .m4a. Watu wengi wana folda za muziki walizozijaza miaka kumi na mitano iliyopita wakidhani zote ni MP3, kumbe nusu sizo.

Ila wanaokwama zaidi Pwani leo si wenye CD. Kaswida na darsa hazitoki tena dukani. Zinatoka kwenye vikundi vya WhatsApp. Shehe anazungumza baada ya alasiri, mtu anabonyeza alama ya maikrofoni, anarekodi na kutuma. Kwenye simu ya Android faili hiyo inaitwa kitu kama PTT-20240315-WA0007.opus. Ukiinakili kwenye kadi, redio inaipita kana kwamba haipo, kwa sababu redio nyingi huanza kwa kutazama herufi za mwisho wa jina, na .opus haimo kwenye orodha yake. Mama mtu mzima anayetaka kusikiliza darsa akiwa jikoni atauliza, kwa haki yake, "Mwanangu, mbona kwenye simu shehe anasema?"

Hapo ndipo kijana mwerevu wa nyumbani anapopata wazo: abadilishe jina, afute .opus aandike .mp3. Redio sasa inaiona faili, inajaribu kuifungua, inaonyesha 00:00, na ama inaruka ama inaganda mpaka izimwe. Ukiandika "samli" kwenye kopo la mafuta ya taa, chapati hazitapikika. Kubadilisha jina hakugusi hata biti moja ya sauti iliyo ndani. Windows inazidisha mkanganyiko kwa kuficha herufi hizo za mwisho, hivyo kijana anaweza kuzalisha wimbo.mp3.opus asijue alichofanya. Kwenye mipangilio ya folda kuna mahali pa kuamuru herufi hizo zionekane, na kwa anayejaza kadi za watu hiyo iwe kazi ya kwanza.

Dawa ya kweli ni kuigeuza sauti yenyewe: ifunguliwe, kisha iandikwe upya kwa MP3. Programu ya VLC inaweza, fre:ac inaweza, na zote mbili ni za bure. Anayependa kuandika amri atatumia ffmpeg:

ffmpeg -i darsa.opus -ac 1 -ar 44100 -b:a 64k darsa.mp3

Hiyo -ac 1 inamaanisha njia moja ya sauti, kwa kuwa shehe ni mmoja na maikrofoni ni moja. Sehemu ya -ar 44100 inairejesha sauti kwenye kipimo cha CD, maana kuna chipu zinazobabaika zikikutana na kipimo zisichokizoea: sauti inakwenda mbio kama ya katuni, au haitoki kabisa. Na 64k ni kilobiti 64 kwa sekunde, zinazotosha kabisa kwa mazungumzo. Darsa la saa nzima litachukua kama megabaiti 29.

Kwa muziki, tumia 128 hadi 192. Usidanganywe na anayekuuzia nyimbo "za 320" alizozigeuza kutoka kwenye faili za 128. Kilichokwisha kutupwa hakirudi. Anachokuuzia ni faili nene yenye sauti ileile, na pengine imechakaa kidogo zaidi kwa kugeuzwa mara mbili. Na kama redio inaonyesha wimbo wa dakika tano kuwa ni wa dakika kumi na moja, au ukiusogeza mbele unaangukia pasipo, wimbo huo umeandikwa kwa kiwango kinachopanda na kushuka. Redio ya bei ndogo hupiga hesabu ya muda kwa kutazama mwanzo wa faili tu, ikadhani kote ni hivyohivyo. Ugeuze kwa kiwango kisichobadilika na saa itanyooka.

Kufuli

Hili ni la kupita haraka kwa sababu halina ufundi wa kuliponya. Nyimbo unazozihifadhi ndani ya Spotify au Boomplay ili uzisikilize bila bando hazikuwa zako. Zimefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya programu hiyo, na kuzinakili kwenye kadi ni kunakili kelele. Spotify hata hukutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo hazifunguki. Duka la iTunes nalo lilianza mwaka 2003 kwa kuuza nyimbo zenye kufuli, likaacha mtindo huo 2009, kwa hivyo mwenye nyimbo alizonunua kabla ya hapo asishangae zikigoma. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakataza kuvunja kufuli za namna hiyo. Ukitaka faili iliyo yako, inunue mahali panapouza faili iliyo wazi, kama Bandcamp, au mtafute msanii mwenyewe. Wengi wa hapa Mombasa wanapatikana kwa simu kuliko unavyodhani.

Kuna kisa jirani cha iPod ya zamani. Ukiichomeka kwenye kompyuta na kuitupia nyimbo kama unavyoitupia flashi, haitazicheza, ijapokuwa MP3 inaijua vizuri. iPod haipekui folda. Inasoma daftari lake la ndani, na daftari hilo huandikwa na iTunes au programu iliyoiga kazi yake. Nyimbo zilizo ndani zimepewa majina ya herufi nne yasiyo na maana na kufichwa. Ukiikuta iPod mtumba, iulizie pia kompyuta ya kuijaza.

Kadi yenyewe

Tuseme sasa faili zote ni MP3 safi. Redio bado inasema hakuna kadi. Hapa tazama mpangilio wa kadi, yaani namna inavyotunza orodha ya faili zake, na ukubwa wa kadi utakupa fununu. Kadi za gigabaiti 4 hadi 32 kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao karibu kila kifaa kinaujua. Zinazozidi hapo hutoka na exFAT, mpangilio wa Microsoft wa mwaka 2006 uliokuwa na masharti ya leseni, na watengenezaji wa vifaa rahisi waliukwepa. Microsoft ilitoa maelezo yake hadharani mwaka 2019, lakini redio iliyokwisha kutengenezwa haisomi habari hizo. Kadi ya gigabaiti 64 unaweza kuifomati upya iwe FAT32 ikakubalika kwenye vifaa vingi vinavyoikataa, ila kisanduku cha kawaida cha kufomati cha Windows kwa miaka mingi hakikutoa chaguo hilo kwa kitu kinachozidi gigabaiti 32. Rufus ni programu ndogo isiyo na kikwazo hicho. Kumbuka kufomati hufuta kila kitu. Na mtu akiwa ameifomati kadi kwa NTFS, mpangilio wa diski za Windows, sahau. Redio hizi haziijui.

Kadi ndogo za gigabaiti 2 zina vituko vyake. Kwenye FAT16, mpangilio wa zamani ambao kadi hizo kwa kawaida hutoka nao, ukurasa wa mwanzo wa kadi, nje ya folda zote, una nafasi 512 tu za majina. Jina refu halikai kwenye nafasi moja: kila herufi 13 hula nafasi yake, na moja zaidi juu. Wimbo wenye jina la herufi 40 unakula nafasi tano. Ukitupa nyimbo mia moja na kidogo za majina marefu nje ya folda, kadi inasema imejaa na huku nusu ya ukubwa wake i tupu. Tengeneza folda, zitie humo, na nafasi inarudi.

Halafu zipo kadi za uongo, ambazo mji wa bandari hauzikosi. Kadi imeandikwa 64 kwa nje, kompyuta inasoma 64, lakini ndani ni 8 na chipu yake imefundishwa kudanganya. Gigabaiti nane za kwanza zinaimba. Zinazofuata zina majina na ukubwa, zinaonekana kwenye orodha, na hazitoi sauti. Ukiona nyimbo zilizoingizwa mwanzo ni nzima na za mwisho zote ni mbovu, shuku hilo kabla ya kushuku redio. Programu ya H2testw ya Windows, au F3 kwa Mac na Linux, huijaza kadi yote kisha huisoma tena na kukuambia ukubwa wa kweli. Inachukua muda, kwa hivyo muuzaji hatapenda uifanyie dukani kwake, lakini mwambie mapema kwamba utairudisha ikishindwa.

Na mpangilio wa nyimbo? Hili huwakera sana wenye misahafu ya sauti. Sura ni 114, zimepangwa vizuri kwenye kompyuta, lakini redio inaanza na Yaasin, ikaruka kwa Al-Kahf. Sababu ni kwamba redio nyingi za kadi hazipangi kwa herufi wala namba. Zinacheza kwa mfuatano ambao faili ziliandikwa kwenye kadi. Kompyuta ikinakili nyingi kwa pamoja inaweza kuanza na yoyote. Kwanza zipe majina yanayoanza na tarakimu tatu, 001 hadi 114. Sifuri za mbele ni za lazima, kwa sababu vifaa vinavyopanga kwa herufi huiweka 10 na 100 kabla ya 2. Kisha ifomati kadi, zinakili upya zikiwa zimepangwa kwa jina, au pitisha programu ya kupanga kama FATSorter. Aliyenakili kwa kutumia Mac ataona jambo la ziada: kila sura inatokea mara mbili, moja inasoma na nyingine bubu. Hizo bubu ni faili zinazoanza na nukta na kistari cha chini, ambazo Mac huzidondosha kimyakimya kwa kumbukumbu zake. Zifute.

Neno moja kuhusu waya. Simu au kicheza muziki kikichajiwa bila kuonekana kwenye kompyuta, pengine waya wako una nyuzi za umeme tu, bila za data. Waya nyingi zinazokuja na tochi na feni ndogo ni hivyo. Jaribu wa simu.

Majina yaliyogeuka mchafuko

Ndani ya MP3 kuna lebo za jina la wimbo na msanii, mbali na jina la faili. Lebo ya kwanza kabisa, ya 1996, ilikuwa baiti 128 mwishoni mwa faili, na jina la wimbo lilipewa herufi 30 tu. Ndiyo maana majina marefu hukatwa katikati. Ya pili hukaa mwanzoni mwa faili na hubeba hata picha, na picha kubwa ya jalada inaweza kuichelewesha redio ndogo sekunde kadhaa kabla ya wimbo kuanza, au kuigandisha.

Shida yetu kubwa ni maandishi ya Kiarabu. Kisomo kilichoandikwa سورة kinatokea kwenye kioo kikisomeka ÓæÑÉ. Hakuna kirusi hapo. Aliyeandika lebo alitumia jedwali la herufi la Windows la Kiarabu, ambamo kila herufi ina namba yake, na redio inasoma namba zilezile kwa jedwali la Ulaya Magharibi. Namba haikubadilika, jedwali ndilo tofauti. Fungua faili kwa programu ya Mp3tag, andika jina upya, na uhifadhi lebo kwa toleo la ID3v2.3 lenye UTF-16, jedwali linalobeba herufi za Kiarabu na za Kirumi pamoja. Ikiwa kioo cha redio hakina herufi za Kiarabu kabisa, utaona vijisanduku hata baada ya hapo, na dawa iliyobaki ni kuandika "001 Al-Fatiha" kwa herufi za Kirumi.

Kanda za sandukuni

Kazi inayofaa kuliko zote, na inayoahirishwa kuliko zote, ni kuzihamisha kanda. Nyumba nyingi za Mji wa Kale na Majengo bado zina kanda za harusi za miaka ya themanini, za waimbaji wa taarabu kama Juma Bhalo, na Zuhura Swaleh na ile tashkota (kinanda cha nyuzi na vitufe), zilizorekodiwa ukumbini na hazijawahi kuuzwa popote. Hizo hakuna mtandao utakaokupa.

Unahitaji deki inayozunguka kwa mwendo sahihi, waya kutoka tundu lake la kutolea sauti, na kompyuta. Angalia hapo pa kuingilia: kompyuta ndogo za siku hizi zina tundu moja tu la sauti, na linapokea maikrofoni, si deki. Kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia ndiyo suluhisho. Safisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba. Kama sauti imeziba, usikimbilie kompyuta: kando ya kichwa kuna skrubu ndogo ya kukiinamisha, na kuizungusha kidogo sana huku kanda inacheza kunaweza kurudisha ukali wa tashkota ambao hakuna programu ingeurudisha.

Rekodi kwa programu ya Audacity, kipimo 44,100, na sauti isifike juu kabisa ya mita. Vilele vikiishia karibu na desibeli -6 una usalama. Kanda ya harusi iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja haina haja ya njia mbili. Upande mmoja wa kanda ya dakika 60 unatoa faili ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya megabaiti 159. Hiyo ibane kwa FLAC uiweke kama asili, sehemu mbili tofauti, usiiguse tena. Kishawishi cha kuondoa mchirizo wa kanda, ile "shhh" ya nyuma, ni kikubwa, lakini kifanye kwenye nakala, tena kwa mkono mwepesi, kwa sababu kinachoondoa mchirizo huondoa pia vigelegele vya mbali na mwangwi wa ukumbi, na vigelegele ni nusu ya harusi.

Kutoka kwenye nakala hiyo ndipo uitengenezee redio MP3 yake, njia moja, kilobiti 64 ukitaka kubana au 96 kama magitaa na fidla ni nyingi. Kwa 64, upande mmoja unakuwa megabaiti 14 na kidogo. Zipe majina 01A, 01B, 02A na kuendelea, andika namba hizohizo kwa kalamu kwenye makasha ya kanda, na kadi ya gigabaiti 4 yenye FAT32 itabeba pande zaidi ya 250.